Mstari wa Pili

Sogeeni, wanangu, na dirisha hilo liacheni wazi, nataka kusikia lori likiwashwa. Bado? Haya. Kiwanda cha soseji nawaachia nyote wawili, sawa kwa sawa, hilo msije mkaligombania. Linaloninyima usingizi ni mzigo uliokwisha pakiwa lorini, ulioandikwa nyama ya ng'ombe tupu, na kile kijiti cha kupimia alichonionyesha binti yangu asubuhi.

Mwazijua kingamwili za kwenye kijiti: zikikutana na nguruwe humng'ang'ania, hata awe chembe tu ndani ya nyama iliyosagwa, na mstari wa pili hujitokeza. Leo umejitokeza, hafifu kama alama ya kucha. Nawe, kifungua mimba wangu, ukasema, "Huo si mstari, ni kivuli tu," dada yako akakujibu, "Kivuli cha nini, kaka, kama hakuna kitu?" Nilicheka mpaka kifua kikaniuma, lakini sikutulia. Mdharau mwiba mguu huota tende. Anayenunua soseji zetu hana kijiti mezani. Ana neno letu tu, na neno hilo ndilo analowalisha wanawe.

Nani huyo kawasha injini? Mwambieni dereva azime. Azime kwanza.

Nawe ulipokosa pa kukwepea ukamgeukia baba yako mdogo anayetuletea nyama, ukasema kikulacho ki nguoni mwako. Taratibu, baba. Mstari husema nguruwe yumo, hausemi nani kamtia. Huenda ni nyama yake, huenda ni viungo, huenda ni mashine ya kusagia tuliyoazima kwa jirani tukaiosha juujuu. Ugomvi wako naye wa uzio wa shamba usiutafutie ushahidi humu.

Mzigo urudishwe ghalani, na ufunguo wa ghala nampa dada yako. Asipofungua yeye, mzigo hautoki, hata kama jeneza langu liko mlangoni. Apime upya, nyama peke yake, viungo peke yake, mashine peke yake. Na baba yenu mdogo mwiteni, asimame hapo hapo, aone kwa macho yake.

Nipeni maji. Kidogo... basi. Mungu awape mikono safi na ndimi pole, awaweke meza moja.

Mbona kimya? Sijui ni lori limezimwa, au ni masikio yangu. Nenda wewe, mwanangu mkubwa... nenda ukaangalie.