Laptopu Iliyojifanya Simu

Kijiwe chetu ni benchi moja na kigoda cha mguu mbovu, mbele ya karakana ya Spana, fundi baiskeli. Kahawa ipo, ubishi upo, kazi ndiyo haba. Leo Msimbo, mwandika programu wetu, kaja na laptopu. Dada yake ni muuguzi, na ndiye aliyemdhamini kwa wakubwa wa zahanati: kaka yangu atawawekea programu kwenye kile kisanduku chenu cha kompyuta, kiwe kinaita wagonjwa kwa zamu. Saa sita anakuja kukichukua. Programu inajengwa kwenye laptopu tangu asubuhi na bado inasuasua. Kisanduku chenyewe Msimbo kakiweka kwenye ncha ya benchi, nasi tukaona pahali pazuri pa kuwekea birika.

— Imekwama? — Spana akauliza.

— Haijakwama, inaigiza. Prosesa ya kisanduku, yaani ubongo wake, ni ya ukoo wa simu, haielewi lugha ya laptopu. Sasa nimeweka kiigizaji: laptopu inajifanya prosesa ya simu, inajenga humo humo. Kila amri mpaka itafsiriwe kwanza.

— Ndiyo maana inahema, — akasema Wakili, ambaye mahakama anaijua kwa nje tu. — Ukimwiga tembo utapasuka!

— Mimi naona ina haya, — akasema Spana. — Mtu mzima kujifanya mtoto mbele za watu? Igeuzieni ukutani.

Tukaigeuza. Wallahi tukaigeuza, na mimi nilishika upande mmoja.

— Haya wapi! Ikizoea maigizo itasahau kwao, — Wakili akazidi kupanda. — Jioni utaifungua, itakudai vocha. Haba na haba hujaza kibaba!

Msimbo hakucheka.

— Jina la dada ndilo liko rehani, jamani, si langu. Hebu nikitazame kisanduku, nihakikishe nilichagua prosesa yenyewe.

— Kaa chini! — Spana akamzuia. — Mchagua jembe si mkulima.

— Vidude vidogo vyote ni ukoo wa simu, — Wakili akahukumu. — Hilo halina rufaa.

Msimbo akakaa.

Dada akafika na sare yake ya kazi, hana hata muda wa kuketi.

— Hamjambo, kaka zangu. Kiko tayari?

— Bado kidogo, dada, — akajibu Msimbo. — Laptopu inaiga prosesa ya kisanduku.

— Kwani kina prosesa gani?

Wakili akatazama viatu vyake. Spana akakumbuka gurudumu la mteja. Msimbo akainua birika, akafuta duara la kahawa kwa shati, akasoma maandishi ya mgongoni mwa kisanduku. Akayasoma tena.

— Ya aina ile ile ya laptopu yangu.

— Kwa hiyo haikuwa na haja ya kuiga?

— Haikuwa nayo. Ingemaliza kabla ya kikombe cha pili.

Dada akaketi, tena kwenye kile kigoda kibovu. Alitutia huruma.

— Wakubwa wananisubiri getini, — akasema. — Niwaambie asubuhi yote laptopu ilikuwa inajifanya nani, na kwa faida ya nani?

Spana akaona amsogezee kikombe, akainamisha birika. Halikutoka hata tone.