Fundi Sikio na Boila Iliyoungua

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, tumenyonya ziwa moja, familia imenituma niwasomee maisha yake, nami nimekubali kwa sababu kuna neno nililopaswa kumwambia akiwa hai.

Kaka yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Fundi Sikio, alizaliwa tarehe 14 Juni 1951, mtoto wa kwanza wa mzee wetu aliyekuwa mchochea moto wa garimoshi, akasoma shule ya msingi mwaka 1959 hadi 1966, kisha chuo cha ufundi hadi 1970, na Januari 1971 akaajiriwa karakana ya reli, alikofanya kazi miaka ishirini na tatu bila kuchelewa hata siku moja, tabia ambayo mimi sikuirithi.

Tarehe 2 Desemba 1978 alimuoa shemeji yetu, fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Karakana ilipofungwa mwaka 1994, alifungua chumba nyuma ya nyumba, akawa anatengeneza vigarimoshi vya mfano, vile vinavyotosha juu ya meza lakini vina moto wa kweli na mvuke wa kweli, na kabla hajashika spana aliegemeza bisibisi kwenye silinda, mpini sikioni, akahesabu pumzi nne kwa kila mzunguko wa gurudumu, ikipungua moja anajua valvu ipi imehama, hata shemeji akalalamika kwamba chuma kinasikilizwa kuliko yeye.

Nilifanya kazi naye humo hadi Jumamosi tarehe 20 Agosti 2011, boila ya kigarimoshi cha mteja, lile tangi la kuchemshia maji ya mvuke, ilipoungua mikononi mwangu kwa kukaukiwa maji, nikaapa kwamba kioo cha kupimia kilionyesha maji nusu, naye, msikilizaji wa kila kitu, siku hiyo hakusikiliza, akaniita mzembe na mwongo mbele ya mteja, nikavua aproni nikaondoka, na karibu miaka minane hatukusalimiana. Iliniuma, sifichi.

Mwaka 2018 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, na Februari mwaka huu, akijikongoja, aliifungua boila ile ile iliyobaki chini ya meza yake, akakuta tundu linalopeleka maji kwenye kioo limezibwa na ukoko wa chumvi, maana yake maji yalikwama kwenye kioo huku boila ikiwa kavu. Jumapili iliyopita, tarehe 5 Mei, aliniita kitandani, akanionyesha ukoko huo kiganjani, akaniomba radhi, yeye mkubwa wangu, machozi yakimtoka, nami kwa kiburi nikamjibu kwamba nimesikia, tutaongea Jumamosi, kwani nilitaka naye asubiri kidogo kama nilivyosubiri mimi.

Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Mei 2019, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliotuletea viti na kukesha nasi, na mafundi wenzake wa zamani wa reli mliofika na mikongojo yenu.

Kaka, Jumamosi ndiyo leo. Nilikuwa nimeshakusamehe pale pale kitandani, ulimi tu ndio uliogoma, basi na wewe unisamehe, ulale, upumzike kwa amani.