Eda ya Bi Batuli na Mkanda wa Jeshi

Mwenye eda hatoki. Wasikilizaji wapendwa, kanuni hiyo pwani yetu haihitaji kufundishwa: mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Leo tunamkumbuka Bi Batuli binti Mwinyimvua, mshonaji wa kofia, aliyezikwa Kaole Alhamisi iliyopita akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Kanuni aliijua. Wifi yake, Mize, aliijua zaidi, na ndiye aliyelinda mlango.

Miaka sita iliyopita alifariki mumewe, Mzee Abdulrazak. Mize, dada wa marehemu, alihamia kwa mjane ili eda ya kaka yake isiingie doa. Wiki ya tatu, Bi Batuli aliamka paji la uso likimchoma upande wa kulia. Jioni vikatoka vipele vya maji, vikashuka hadi kwenye kope.

"Wifi, nipeleke hospitali. Jicho linawaka."

"Utoke leo, mji mzima uimbe kwamba kaburi la kaka yangu halijakauka na wewe uko njiani?"

"Kwa jua hili la Bagamoyo? Limekauka siku ile ile, Mize."

Mize alicheka, lakini komeo hakulifungua. Akamkanda kwa maji ya mwarobaini. Siku ya pili ikapita. Ya tatu ikapita. Dirisha nalo lilifungwa, kwa kuwa hata upepo ukimgusa usoni mgonjwa alipiga kelele. Mize alizisikia kelele zile, akasema ni mitihani ya Mungu.

Siku ya tano Sheikh Muzammil alifika kutoa pole. Akiwa barazani, akasikia kilio.

"Nani huyo?"

"Mwenye eda, sheikh. Anaumwa."

"Na nani aliyekwambia eda humfunga mgonjwa? Dharura ina ruhusa yake. Mtoeni sasa hivi!"

Daktari aliutambua ugonjwa mara moja: mkanda wa jeshi. Mize akabisha kwamba mkanda hukaa kiunoni. Daktari akamweleza. Mtu akiugua tetekuwanga utotoni, virusi vyake hubaki vimelala katika mishipa ya fahamu. Uzee ukipunguza kinga huweza kuamka, kiunoni au usoni. Dawa hufaa zaidi ikianzwa ndani ya siku tatu.

Narudia: siku tatu. Bi Batuli alifikishwa siku ya tano.

Jicho la kulia lilipofuka. Sindano ya kofia hakuishika tena. Eda ikaisha, lakini yeye hakutoka. Maumivu yalimfungia chumbani miaka yote sita. Mize alimhudumia, na kila aliyeuliza alimjibu kuwa ni kudra. Bi Batuli alimwambia mara moja tu: "Jicho nimekusamehe, wifi. Lakini waambie wenzio ulivyofanya."

Wasikilizaji wapendwa, chanjo ya mkanda wa jeshi ipo, ingawa haipatikani kila mahali. Aliyetimiza miaka hamsini amuulize daktari. Wana wa marehemu na ukoo wote tunawapa pole, Mungu amrehemu. Nanyi mlio na wazee ndani, tafakarini: mlango mnaoufunga mnamlinda nani?

Jana Mize alifika hapa studio kwa miguu yake. Tulimwuliza kama jina lake tulifiche.

"Litajeni," akasema. "Semeni mlango niliufunga mimi."

Tumesema.