Pu Zauva, Mtu wa Miavuli

Tunayemsindikiza leo ni Pu Thanzauva wa mtaa huu wa Tuithlang, hapa mjini Aizawl. Wengi wenu mlimwita Zauva, na baadhi yenu mlimwita kwa jina jingine ambalo tutalifikia. Wasifu wa namna hii kwa kawaida husema kwamba marehemu alipendwa na wote. Familia ililitafakari neno hilo jana jioni, ikaona iliache.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 katika kijiji cha Sihtlang, mtoto wa pili wa baba, marehemu Pu Hrangdula, na mama, marehemu Pi Tlangi. Alitanguliza miguu. Mkunga alisema mtoto anayekuja hivyo ama atakuwa mtu mkubwa ama atakuwa na taabu, na wazazi wake hawakusubiri sana kujua ni lipi. Mwanzoni mwa mwaka 1967, vijiji vilipovunjwa na jeshi na watu kuhamishiwa kando ya barabara kuu, alibebwa mgongoni na dada yake, Darchhawni, aliyekuwa na miaka tisa. Pi Darchhawni, ambaye yuko nasi hapa, husema watoto wengine walijua kumkumbatia anayewabeba, lakini huyu alikaa mgongoni kama gunia la mpunga, akaponyoka kwenye nguo na kuangukia majani, wala hakulia. Alimtazama dada yake tu, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea.

Elimu ya msingi aliipata katika kijiji hicho cha barabarani, kisha mwaka 1977 akaja Aizawl kwa mjomba wake kuendelea na masomo. Hakuwa mjinga. Alisoma kila karatasi iliyomfikia, pamoja na zile zilizofungia samaki wakavu. Ila mikono na miguu yake haikuwa na habari na kilichomo kichwani. Hakuweza kufunga kamba za viatu mpaka alipokuwa na miaka kumi na minne. Kushoto na kulia vilimchanganya, hivyo akajifunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, na uzi huo, au ndugu zake, aliuvaa mpaka siku alipokufa. Mwalimu wake wa hesabu alikuwa akiinua daftari lake juu darasa zima lione na kumuuliza, “Thanzauva, hii uliiandika au uliikanyaga?” Wenzake walimpa jina la Tetemeko, kwa kuwa alipopita vitu vilianguka. Alijifunza mapema kucheka kabla ya wengine, maana aliyeanza kucheka mwenyewe alichapwa kidogo. Mtihani wa darasa la kumi aliufanya mara mbili. Mara ya kwanza chupa ya wino ililalia majibu. Mara ya pili, mwaka 1983, alitumia penseli na akafaulu.

Mwaka 1984 aliajiriwa katika kiwanda kidogo cha kuchapa magazeti, enzi ambazo herufi za risasi zilipangwa moja moja kwa mkono. Yatosha kusema kwamba ukurasa mzima ukiwa umepangwa hubebwa kwenye trei, na kwamba kulikuwa na kizingiti mlangoni. Aliachishwa kazi mwaka 1986. Miaka miwili baadaye serikali, kwa hekima yake, ilimwajiri kama tarishi katika ofisi moja ya maji na kumkabidhi kazi ya kugawa chai.

Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na minne, na familia inaomba jambo hilo lieleweke kwa uzito wake. Alivaa viatu visivyo na kamba. Alitembea akiwa ameegemeza bega ukutani, hata rangi ya ukuta wa ile korido ikafutika kwa usawa wa bega lake. Vikombe vyote alivijaza nusu na kwenda safari mbili. Mkuu mmoja wa ofisi aliwahi kumuuliza kama kuna uhaba wa maji katika ofisi ya maji. Zauva alimjibu, “Nusu ndiyo inayofika, mkuu.” Kila Krismasi alinunua glasi kwa mshahara wake kufidia zilizovunjika mwaka huo, na chache za ziada kwa ajili ya mwaka unaokuja. Walimwona mzembe. Hakuna mzembe anayechoka namna ile kila siku kwa sababu ya chai.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wote mnalingojea, maana mmelicheka tangu mwaka 1985. Mwezi Julai mwaka huo, wakati wa mvua, alifariki baba mzazi wa Pu Sangluaia. Pu Sangluaia, ambaye yuko nasi hapa mbele, kwenye kiti chenye mto, wakati huo alikuwa kiongozi wa vijana wa mtaa na sasa ni mwenyekiti wetu. Kipaza sauti cha mtaa kiliita vijana, na Zauva alikuwa wa kwanza kufika. Mnajua kwetu mwanamume hapimwi kwa cheo wala kwa nyumba. Anapimwa msibani: amechimba, amebeba, amekaa na wafiwa, tena bila kuombwa. Kwa kuwa kimo chake kililingana na cha wenzake, alipewa kona ya mbele kushoto. Kwenye ngazi za saruji nyuma ya kanisa mguu wa kulia ulipaswa kushuka kwanza, yeye akautanguliza wa kushoto. Jeneza liliwaponyoka wote, likateleza juu ya ngazi zilizolowa, likawapita mchungaji na waimbaji, likasimama kwenye tangi la maji kule chini. Mfuniko haukufunguka, na hiyo ni sifa kwa fundi. Hakuna aliyeumia. Marehemu yule alikuwa maarufu kwa kuwahi kila mahali.

Pu Sangluaia alikuwa kijana mwenye msiba, na hakuna wa kumlaumu kwa alilosema pale. Alisema, “Toka hapo. Shika mwavuli.”

Zauva alishika mwavuli, na hakuna aliyekumbuka kumwambia autue. Msiba uliofuata alikuja na jembe, akaambiwa, “Kaa tu, kaka, tunatosha.” Uliofuata hali kadhalika. Vijana waliozaliwa baada ya lile jeneza walikua, wakaota ndevu, nao wakamwambia, “Kaa tu, mzee, tunatosha.” Mwaka 2001 kamati ilinunua miavuli mikubwa myeusi, ikamtangaza rasmi kuwa msimamizi wake, na watu wakapiga makofi. Hata huko macho ya wafiwa kadhaa yaliponea chupuchupu. Hakukosa mazishi hata moja. Alisimama kando na miavuli yake, akiwatazama wenye mabega.

Tarehe 12 Desemba 1989 alifunga ndoa na Biakthangi, fundi cherehani wa mtaa wa pili. Washenga walipotumwa, shangazi wa bibi harusi alimwita pembeni na kumweleza kwa kirefu habari za trei, za glasi na za jeneza. Biaki alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, “Shangazi, vyombo vya kwetu vitakuwa vya bati.” Vikawa vya bati. Kanisani Zauva alikanyaga gauni la Biaki na kulichana, naye Biaki akalishona kwa mkono palepale kwenye chumba cha mchungaji huku waimbaji wakirudia wimbo ule ule. Kwa karibu miaka ishirini na mitano kulikuwa na nyumba moja Aizawl ambamo kitu kikianguka hakuna aliyegeuza kichwa.

Biaki aliugua ghafla na kufariki tarehe 3 Septemba 2014. Zauva alimwendea Pu Sangluaia na kumwomba abebe kona moja tu, tena ya nyuma, tena mpaka mlangoni tu. Mwenyekiti alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alimwambia, “Leo wewe ni mfiwa, na mfiwa hutumikiwa, hatumikii.” Wiki tatu kabla ya hapo mfiwa mwingine alikuwa amembeba mke wake toka nyumbani hadi kaburini, na mtaa mzima ukamsifu. Zauva alitembea nyuma ya mkewe mikono mitupu. Pu Sangluaia ni mtu mwema, na ndiyo maana lilikuwa gumu: mtu mbaya ungegombana naye.

Mwaka 2018 mtoto wake wa kiume, Chhuanvela, tunayemwita Vela, alirudishwa nyumbani kutoka chuoni kwa kuvunja vifaa vya maabara. Baba alimpeleka hadi jiji la Guwahati kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Wakati kijana anapimwa, baba aliangusha kopo la kalamu la daktari, na katika kuziokota akaangusha na kalenda. Daktari aliacha kumtazama kijana. Alimwomba mzee agusanishe kidole gumba na vidole vingine, kimoja baada ya kingine, kisha asimame kwa mguu mmoja. Halafu akawaeleza wote wawili kwamba ni kitu kimoja: wamezaliwa hivyo, ubongo hautumi amri sawasawa kwenye viungo, hakisababishwi na uvivu wala pombe wala dhambi, nao hawako peke yao.

“Kina jina?” Zauva aliuliza.

“Kina jina,” daktari akasema, akalitaja.

Alimwomba alirudie taratibu. Jioni ile wakiwa wanakula alimwambia mwanawe, “Kumbe sikuwa mzembe.” Alikuwa na miaka hamsini na minne.

Lililofuata ndilo lililomwua kabla ya ugonjwa, na familia inalisema mbele ya wote waliokuwepo. Alivaa koti lake la harusi, akaenda kwenye mkutano wa mtaa, akasimama na kueleza kila alichoambiwa na daktari. Alidhani ukweli ukijulikana aibu itaisha, na aibu ikiisha bega lake litahesabiwa kama bega. Watu walisikiliza kwa heshima. Mama mmoja alifuta machozi. Ndipo Pu Sangluaia akasimama.

“Kaka Zauva,” alisema, “tumshukuru Mungu kwamba sasa tunajua. Tangu leo hakuna atakayekulaumu. Na kwa kuwa kijana naye ni hivyo hivyo, basi kwa usalama wa watu wote, Vela naye awe upande wa miavuli.”

Mkutano uliafiki. Vela alikuwa na miaka kumi na tisa, na mpaka siku ile alikuwa amebeba majeneza manne bila hata moja kuyumba, kwa sababu baba yake alimfundisha nyumbani, kwenye ngazi za nyuma, kwa gunia la viazi. Zauva alikuwa amekwenda pale kujitoa kifungoni, akarudi nyumbani akiwa amemfunga na mwanawe. Kuna watakaosema leo kwamba alisamehe. Hakusamehe. Alinyamaza, na huo ni ugonjwa mwingine.

Mwezi Februari 2023 alianza kutapika na kukonda, akakutwa na saratani ya tumbo ambayo ilikuwa imeshaenea. Wauguzi walimpenda kwa sababu aliomba radhi kwa kila alichokimwaga, na kwa mara ya kwanza maishani akawa mahali ambapo kila mtu humwaga. Wiki ya mwisho aliomba kurudi nyumbani. Huko alimwambia Vela kwamba anataka abebwe naye.

“Baba, na nikikuangusha?”

“Utakuwa umemwangusha mtu aliyezoea.”

Alifariki juzi, Jumanne, tarehe 8 Agosti 2023, saa kumi alasiri, akiwa na miaka hamsini na tisa, mkono wake ukiwa mkononi mwa dada yake.

Jana Pu Sangluaia alifika msibani mapema kuliko wote. Alileta mbao, alileta chai na sukari, alisimamia uchimbaji akiwa amepandisha suruali, na kwa hayo yote familia inamshukuru kwa dhati. Jioni alikuja kutuarifu kwamba vijana sita wa kubeba wameshapangwa, watoto wa watu, wenye nguvu, tusiwe na wasiwasi wowote.

“Tunatosha, dada,” alimwambia Pi Darchhawni.

Pi Darchhawni ana miaka sitini na mitano, na hajawahi kupandisha sauti katika mtaa huu. Hakuipandisha jana pia. Alisema, “Hamtoshi.”

Mwenyekiti alidhani hakusikika, akaanza kuwahesabu kwa majina. Pi Darchhawni alimwacha amalize.

“Nimesikia. Hamtoshi. Ndugu yangu nilimbeba mimi nikiwa na miaka tisa, akaniponyoka, nikamwokota, tukafika. Mtoto wake atambeba.”

Mwenyekiti aliweka kikombe chake chini, akauliza ni yupi kati ya wale sita apumzishwe. Aliambiwa amchague mwenyewe, yeye ni hodari wa kupumzisha watu.

Pu Thanzauva ametanguliwa na wazazi wake na mkewe, Biakthangi. Ameacha dada, Pi Darchhawni. Mtoto wa kiume, Chhuanvela. Binti, Zonunsangi, pamoja na mumewe. Na mjukuu mmoja wa miaka minne, ambaye asubuhi hii amemwaga maziwa juu ya kitabu cha nyimbo za mazishi. Waimbaji wanaombwa radhi kwa ubeti wa tatu. Mtoto hakugombezwa, na hatagombezwa na mtu yeyote wa nyumba hii.

Baada ya sala jeneza litatoka kwa mlango wa mbele na kushuka ngazi za nyuma ya kanisa. Mvua imenyesha tangu alfajiri. Vela atakuwa mbele. Kwenye ngazi atahesabu hatua kwa sauti, kama alivyofundishwa, na wanaobeba naye wanaombwa wamfuate yeye badala ya kumharakisha. Wanaopenda kutangulia mbele ya jeneza wanashauriwa, kwa nia njema kabisa, watembee pembeni.

Apumzike kwa amani akishafika. Hapo katikati, kama kutakuwa na kuyumba kidogo, amesema hana malalamiko.