Mzee Tulia na Mguu Wake Mwenyewe

Tarehe 30 Juni, mpigapicha mkuu wa eksirei wa hospitali yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwaamuru watu wazima wasijitikise. Wagonjwa walimbatiza Mzee Tulia, na jina likamganda hata mkewe hulitumia akikasirika.

Alianza kazi enzi za filamu zilizooshwa gizani, akirudi nyumbani na harufu ya dawa mpaka kwenye kola. Mashine za kompyuta zilipoletwa alizinunia wiki nzima. Kisha akazipenda kupita kiasi, asitake mtu aziguse hata kwa kitambaa.

Sifa zake kubwa, hata hivyo, ziko kwenye miguu. Kliniki ya kisukari ilipofunguliwa ghorofa ya chini, yeye ndiye aliyejitolea kupiga picha za miguu yenye vidonda, kazi ambayo wengine tuliikwepa kwa kusingizia mafua. Aliwaeleza wagonjwa bila kuchoka kwamba kisukari huua hisia za mguu, hivyo kidonda kisichouma nacho ni cha kuogopwa. Tena picha ya kwanza ikiwa safi wasishangilie, maana maambukizi ya mfupa huweza kuchukua wiki mbili tatu kabla ya kuonekana kwenye eksirei. Asiyerudi kwa picha ya pili alipigiwa simu. Asipopokea, alipigiwa shangazi yake.

Sasa tuje kwenye kisa ambacho ameomba kisiandikwe. Mzee Tulia mwenyewe ana kisukari. Mwaka jana alianza kuchechemea, akasingizia viatu vipya, ilhali viatu ni vilevile tulivyovizoea. Asubuhi moja mimi, karani wa mapokezi wa idara, nilifungua mlango wa chumba cha eksirei nikamkuta amelala juu ya meza, mguu wa kushoto uko wazi, amenyoosha mpini wa ufagio hadi nyuma ya ukuta wa kinga, anakitafuta kitufe cha kupigia picha. Nilipomuuliza anafanya nini, alijibu bila kupepesa macho kwamba anafagia.

Nikamnyang'anya ufagio. Aliniomba sana nisimwambie mkewe. Nilimwahidi, kisha nikampigia mkewe.

Mama huyo, mwalimu wa hesabu, alifika hata chai yangu haijapoa, na kwa maswali mawili tu akayatoa yote. Miezi miwili nyuma, ufagio huohuo ulimpa mumewe picha safi, naye akashangilia. Mtu aliyewasumbua shangazi za watu hakurudi kwa picha ya pili mpaka kidonda alichokificha kilipoanza kunuka.

Mwenzake wa zamu akampiga picha kama inavyotakiwa. Mzee Tulia alijitikisa, ikarudiwa, akajitikisa tena. Ilipotulia, ilionyesha mfupa wa kidole gumba umeanza kuliwa, na kipimo cha MRI kikathibitisha. Daktari wa upasuaji hakuzunguka: dawa kwanza, zikishindwa kidole kitakatwa, na huenda na sehemu ya mguu. Tuliogopa, hakuna haja ya kuficha.

Zikafuata wiki za dawa na kufungwa bandeji. Kila jioni mwalimu alimkagua nyayo kwa tochi na kumpa alama, na tunasikia kwamba Jumapili moja alipewa sifuri kwa kutembea pekupeku uani.

Siku ya picha ya mwisho, huyu aliyesoma miguu ya watu maisha yake yote alikataa kutazama skrini. Aligeukia ukuta, mkono wake umeshikwa na mkewe. Daktari alipotangaza kwamba mfupa umepona na hakuna cha kukatwa, alilia mbele yetu sote. Kisha akajifuta machozi, akaitazama, akalalamika kwamba picha imepigwa upande.

Mzee wetu, asante kwa miguu yote uliyoiokoa kwa ukali wako na kwa simu zako. Tunakuombea mapumziko marefu yenye afya, utembee na mwalimu popote mtakapo. Zawadi yako ni viatu vipana vya ngozi laini. Ingiza mkono ukague ndani kabla ya kuvaa. Tulipokwenda kuvinunua, muuzaji alishangaa kuona watu wazima wanakumbatiana dukani kwa sababu tu wameagiza cha kulia na cha kushoto.