Rekodi ya Kaka Yake Darsono

Kwenye treni ya kwenda Bogor, mzee Darsono alikuwa akicheza mchezo wa vifaru vya vita wa ujanani mwake. Programu ya kuigiza iliifanya kompyuta yake mpya ijifanye ile mashine ya zamani ya mchezo huo. Leo lazima avunje rekodi ambayo kaka yake amemringia nayo maisha yote. Kila alipolipuliwa alibonyeza kitufe cha programu hiyo, mchezo ukarudi nyuma hadi kabla ya kifo.

"Mzee, umeshakufa mara ngapi tangu kituo cha Depok?" aliuliza Lastri, abiria wa pembeni ambaye hakuna aliyemwita. "Mashine ya zamani ya mchezo huu ilikuwa inafufua watu?"

"Hii ni ile ile, dada, ila imepata akili."

"Huo ni wizi!"

"Ni maendeleo."

Rekodi ikavunjika, treni ikasimama. Darsono akainuka kifua mbele. "Yule mwenye kofia ndiye kaka yangu, niliyemvunjia rekodi," alisema akionyesha nje dirishani. "Tafadhali, usimsalimie."