Upepo wa Mjini na Upepo wa Didia

Mbele ya duka la vitambaa lililofungwa tangu mwenyewe alipohamia Mwanza, mkabala na stesheni ya Shinyanga, palikuwa na kipande cha reli kilicholazwa juu ya mawe mawili, nacho ndicho wenyewe walichokiita benchi. Chuma hicho hupata moto mchana kutwa, kwa hiyo wazee wa kijiwe walikuja alasiri, kila mmoja na kipande chake cha gunia cha kukalia. Shaaban muuza kahawa aliweka birika lake juu ya makaa, akavipanga vikombe ndani ya bakuli la maji, na mazungumzo yakaanza bila kufunguliwa na mtu. Mwisho wa reli, pale ambapo kivuli hufika mapema, palikuwa mahali pa fundi cherehani Hatibu. Lakini hakuna aliyemwita Hatibu. Aliitwa Bwana Upepo, tangu siku ile alipolijaza tangi la jiko la pampu upepo kwa pampu ya baiskeli, akafungua koki, na gunzi la mahindi likaruka kutoka kwenye bomba likavuka paa la jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, mji mzima ukitazama.

Jumatatu ile, siku ya pili baada ya ngoma ya kijiji cha Didia, Hatibu alifika akamkuta Donatus amekaa mahali pake.

— Karibu, Bwana Upepo, alisema Donatus bila kusogea. Au tukuite Upepo wa Mjini? Maana siku hizi mko wawili.

— Sogea, Duara. Umekalia gunia langu.

Donatus, ambaye aliitwa Duara kwa sababu alikuwa amechimba maduara, yale mashimo ya dhahabu, pande za Geita akarudi na kikohozi tu, alisogea nusu ya tako. Hatibu aliketi kwenye nusu iliyobaki. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, na haukutoka humo.

Kila mavuno yakiisha, Wagika na Wagalu, makundi mawili ya wachezaji wa Kisukuma, hucheza ngoma uwanja mmoja wakitazamana, na anayeshinda ni yule aliyewavuta watu wengi upande wake. Kwa miaka mingi Wagalu walimtegemea Hatibu. Ngoma ikipoa, yeye alisimama na mzinga wake wa shaba, lile tangi la jiko na bomba lake, uliosuguliwa kwa jivu na ndimu mpaka ukang'aa, akarusha gunzi lenye manyoya mekundu, na watu wakaja mbio. Juzi gunzi lake liliruka vizuri kama siku zote. Kisha upande wa Wagika akatokea mkulima mmoja wa pale pale Didia, Nkwabi, mtu wa maneno machache, amebeba bomba bovu la kunyunyizia dawa ya pamba, lenye kutu kama kitasa cha zizi. Nkwabi akapiga pampu, akafungua. Gunzi lake likapanda mpaka watu wakalipoteza machoni, na lilipoanza kushuka uwanja wote ulikuwa umehamia kwake. Hatibu alibaki na wapiga ngoma na mbwa mmoja.

— Mimi bado sijaelewa, alisema Marselino, karani wa jineri, ambaye walimwita Redio kwa kuwa habari zake zote alizisikia redioni na hakuna aliyeweza kuzihakikisha. Bomba lile lina kutu. Pampu ni ya baiskeli kama ya Upepo wetu. Nguvu inatoka wapi?

— Wetu wa mjini, aliongeza Donatus.

— Mimi nakwambieni ni kisulisuli, alisema Shaaban akimimina. Mnaona vile vinavyozunguka mbugani kiangazi? Mtu akijua kusimama katikati na chombo kilicho wazi, akafunika upesi, basi amekipata. Upepo ule hauna adabu. Ukifunguliwa unataka kurudi kwao.

— Wewe Shaaban, kisulisuli kinakaa ndani ya bomba? aliuliza Donatus.

— Mbona wewe unakaa ndani ya nyumba ya mama mkwe wako?

Walicheka, na Hatibu hakucheka. Marselino alinyoosha kidole.

— Nilisikia kwenye redio. Huko Ulaya upepo wanaubana mpaka unakuwa maji. Unamimina kwenye chupa hivi. Huyu Nkwabi amepata mtungi wa upepo wa wagonjwa. Tone moja tu, gunzi linakwenda.

— Yaya, yaya! Donatus alikataa kwa Kisukuma chake. Hospitali hawatoi mtungi hata kwa mgonjwa mwenyewe. Ule ni upepo wa chini. Mimi nimeushuka. Kule ndani kabisa ya duara kuna upepo mzito, koroboi inazimika yenyewe, na mtu anatolewa kwa kamba hajijui. Ameteremsha tyubu ya trekta usiku, ikajaa, akaifunga. Upepo uliokaa chini ya mwamba tangu dunia iumbwe, ukiuona mwanga unafanya nini? Unapiga mbio!

— Didia kuna duara la dhahabu?

— Amelifuata Bugarama.

— Kwa baiskeli? Na tyubu ya trekta mgongoni?

— Mtu mwenye nia, Redio. Mtu mwenye nia!

Hatibu alikunywa kahawa yake kwa mkono wa kushoto. Ndani ya mfuko wa koti vidole vyake vilikuwa vimelishika gunzi la Nkwabi. Alikuwa ameliokota nyuma ya miiba ya zizi, wakati watu walipokuwa wakimbeba Nkwabi juu. Nyumbani aliligeuza mbele ya taa. Lilikuwa limevishwa pamba mbichi, nyembamba, iliyoloweshwa na kusokotwa vizuri ili iuzibe mdomo wa bomba pasiwe na mwanya. Yeye siku zote alivisha magunzi yake vipande vya marekani vilivyopakwa mafuta ya cherehani, na kitambaa, kila fundi anajua, kina pindo, na penye pindo upepo hupenya. Gunzi lile lilikuwa jeupe. Halikuwa na alama ya moto, wala harufu. Upepo mtupu, na pamba ya shambani kwake! Alfajiri alilowesha pamba akajaribu uani. Zuwena mkewe alitoka na kata ya maji, akamtazama, akauliza neno moja tu:

— Unaiga?

Hatibu alilisukuma gunzi ndani zaidi ya mfuko.

— Upepo wa Mjini amenyamaza, alisema Donatus. Tueleze wewe, fundi. Mwenzako anatumia nini?

Hatibu aliweka kikombe chini taratibu. Alizungumza kwa upole, kama mtu anayeuliza bei ya uzi.

— Duara, kule machimboni mwamba mnaupasua kwa kitu gani?

Marselino ndiye aliyetamka.

— Baruti!

— Mimi sijasema, alisema Hatibu.

— Baruti! alidakia Donatus. Na jamaa zake wako Geita, nawafahamu! Ndiyo maana watu walisikia mshindo!

— Mshindo hata wa Bwana Upepo upo, alisema Shaaban. Ni koki ile.

— Wa Nkwabi ulikuwa mwingine! alisema Marselino. Fundi, wewe ulikuwa karibu. Apa!

Wote walimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu juzi walimtazama yeye, na hakuna aliyesema wa mjini.

— Wallahi, alisema Hatibu, mlio ule haukuwa wa upepo.

Basi baruti ikashika kasi kuliko upepo wowote. Donatus alikumbuka moshi. Marselino alikumbuka moshi wa buluu. Shaaban, aliyekuwa akiuza kahawa kwa Wagalu akiupa uwanja mgongo, alikumbuka kwamba macho yalimwasha.

— Hili si la kukaa nalo, alisema Marselino akisimama na kuvaa kofia yake. Baruti mbele ya watoto na akina mama! Naenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi sasa hivi, naye ataandikia Didia. Mzinga ule uchukuliwe, na mwenyewe ajieleze kituoni.

Hatibu hakumwambia aende. Wala hakumwambia akae.

Marselino alikuwa ameinua mguu mmoja alipotokea mwanamke kutoka upande wa stesheni, amebeba kichwani kitu kirefu kilichofungwa ndani ya kanga. Alikitua, akapiga goti kidogo.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba.

— Naitwa Mbuke, mke wa Nkwabi wa Didia. Tunampeleka mama mkwe hospitali Kolandoto, gari linaningoja pale. Mume wangu kanipa mzigo huu.

Alifungua kanga. Bomba la dawa ya pamba lilikuwa pale, na kutu yake yote.

— Kipira cha valvu kimekatika, upepo hautulii ndani. Nikamwambia mjini mafundi baiskeli wamejaa. Akasema hapana, asiliguse mtu ila Bwana Upepo. Anasema amejifunzia kwake, miaka yote akisimama nyuma ya watu, akiangalia mikono tu, uso haukuonekana kwa vichwa. Juzi alitaka kwenda kumsalimu, watu wakambeba. Anamwomba alifungue aliangalie, amwambie alipokosea.

Marselino aliinama. Aliweka pua kwenye mdomo wa bomba, akavuta pumzi. Akavuta tena. Kisha aliivua kofia yake akaketi.

— Bwana Upepo ni yupi hapa? aliuliza Mbuke.

Shaaban alichochea makaa yasiyohitaji kuchochewa. Donatus alikohoa, kikohozi cha kweli, kikaisha, naye akaendelea kuangalia chini. Hakuna aliyemwonyesha Hatibu kwa kidole, na yeye alielewa kwamba walikuwa wamemwachia jina lake alichukue kwa mkono wake mwenyewe. Ilitosha kusema mimi. Lakini aliyesema mimi angelifungua tangi lile mbele yao, na ndani wasingeona kitu ila unyevu wa pamba, na kiapo chake kilikuwa bado hakijapoa hewani. Vidole vyake vililibana gunzi mpaka punje zilizosahaulika zikamchoma.

Gari lilipiga honi.

— Baba? Mbuke alimgeukia yeye hasa, labda kwa sababu ya koti. Unamfahamu?

Hatibu alitazama koki ya bomba lile. Ilikuwa imefungwa kwa mkanda wa tyubu, vizuri, kwa namna ya Hatibu mwenyewe, mzunguko wa kushoto ambao mafundi wengine hawaufungi.

— Huwa anakuja, alisema.

Honi ililia tena. Mbuke aliikunja kanga yake juu ya kutu, akajitwika.

— Basi nitamwambia mume wangu kwamba Bwana Upepo sikumkuta.

Walimtazama akivuka reli za stesheni, akipandishiwa mzigo, gari likiondoka kuelekea Kolandoto na kuacha vumbi ambalo nalo halikuwa na haraka ya kutua. Hatibu alichukua kikombe chake, akakisogeza mbele kama kila siku.

Shaaban aliinamisha birika. Yalitoka machicha.

— Kahawa imekwisha, Hatibu.